Mbingu ya Kitonga na Mama wa Mtungi

Ukitoka Kitengela kwenda Isinya, karibu kila ubao wa biashara unaouona kando ya barabara umechorwa na mtu mmoja, na mtu huyo hajawahi kubuni picha yake mwenyewe. Simsemi kwa ubaya. Anaitwa Kitonga, ni jirani yangu, na bucha yangu aliichora yeye. Alinichorea ng'ombe dume mwenye moto katikati ya pembe, macho mekundu, pua zinatoa moshi. Wateja wapya husimama nje wakauliza kama nyama yetu huuzwa ikiwa imeshaiva. Mimi huwaambia waingie wajionee.

Ng'ombe huyo ni Mwingereza. Alitoka kwenye jalada la santuri, zile sahani nyeusi za muziki wa zamani. Kitonga alipokuwa kijana alifanya kazi ya kupiga dawa kwenye shamba la maua huko mbele ya Isinya. Meneja wake alikuwa mzungu mwenye nywele za kufunga kama mkia wa farasi, mpenzi wa roki, ule muziki wa magitaa na makelele. Siku moja mzungu akarudi kwao kwa haraka na sanduku moja tu. Wafanyakazi wakaingia nyumbani kwake kama nzige. Mmoja akabeba friji, mwingine godoro, mwingine mapazia pamoja na vyuma vyake. Kitonga, ambaye huchelewa hata kwenye chakula chake, akafika wa mwisho akakuta katoni ya santuri.

Hakuwa na mashine ya kuzicheza, na hana mpaka leo. Santuri zenyewe alimpa Phylis, mama wa watoto wake, aliyekutana naye kule kule shambani. Phylis akazichovya kwenye maji moto, akazikunja kingo zikawa bakuli, akapanda dhania. Ziko kwenye baraza lao mpaka sasa na dhania yake ni nzuri. Majalada ndiyo Kitonga aliyoyaweka. Kwa hiyo mjue mapema: huyu mtu aliyekuja kushtakiwa kwa muziki wa shetani hajausikia muziki huo hata mstari mmoja. Yeye anaujua kama dhania.

Lakini majalada, jamani! Wale wazungu wa zamani walikuwa na kichaa cha aina yake. Mtu ameimba nyimbo nane za kulia mpenzi, halafu nje anaweka farasi anayetoka ndani ya saa ya ukutani. Kitonga aliyatazama majalada hayo usiku na mchana mpaka mkono wake ukayajua, na mji ulipoanza kukua, yakawa mtaji. Farasi wa saa yuko kwenye lango la shule moja ya kulipia, na wazazi wanaamini maana yake ni bidii. Fuvu lililovaa miwani liko kwenye duka la dawa za mifugo, upande wa sumu ya panya. Yule mwanamke wa kizungu aliyevaa nyoka tu, Kitonga alimshonea kitenge cha rangi, nyoka akamgeuza kuwa nywele za kusuka, sasa yuko juu ya saluni ya Makena na anavutia wateja kuliko Makena mwenyewe.

Hakuna aliyeuliza picha zilitoka wapi. Kitengela hatuulizi kitu kilitoka wapi. Tukianza kuuliza, nusu ya ploti zitarudi kwa wenyewe.

Basi miaka kadhaa iliyopita Pastor Mugo alimwita Kitonga amchoree mbingu. Kanisa letu wakati huo lilikuwa la mabati na watu walikuwa wakiliita hivyo tu, Kanisa la Mabati. Pastor alikuwa amejenga ukuta mmoja wa mawe, ule wa madhabahuni, na akataka picha kubwa nyuma ya mimbari. Kitonga akaenda nyumbani, akatoa jalada alilokuwa akilificha chini ya godoro kwa sababu alilipenda kuliko yote. Lilikuwa na mlango uliofunguka mawinguni, mto unamwagika kutoka mlangoni, milima ya zambarau, na simba amelala chini akitazama maji. Akalinakili kwenye karatasi, akampelekea Pastor.

Pastor akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, akafumba macho. "Hii ndiyo Mungu alinionyesha nikifunga na kuomba kule Kimuka," akasema. "Hii kabisa. Hata simba."

Sasa wewe ungesema nini? Kitonga alisema, "Ndiyo, Pastor," maana ndilo jibu lake kwa kila kitu. Picha ikachorwa kutoka sakafuni mpaka darini. Kanisa likabadilishwa jina likaitwa Mlango wa Mto. Watu wakaja kutoka Laiser Hill kupiga picha za harusi mbele yake, na Pastor akawa anahubiri juu ya maono ya Kimuka karibu kila mwezi, kila mara akiongeza kitu kidogo.

Jambo moja tu liliwasumbua waumini. Pembeni kabisa ya mbingu, chini upande wa kulia, Kitonga alikuwa amemweka mama mdogo, hazidi urefu wa kiganja, ametupa mgongo, amebeba mtungi wa maji wa plastiki ya manjano akipanda kutoka mtoni. Na huyo mama alikuwa amevaa viatu vyekundu. Wazee walinung'unika. Mbinguni kuna kuteka maji? Na viatu vyekundu vya nini? Pastor alimwambia Kitonga amfute. Kitonga akasema, "Ndiyo, Pastor," na hakumfuta. Kila akiulizwa, rangi ya kufanana na majani ilikuwa imekwisha.

Aliyemcheka mama huyo kuliko wote alikuwa Phylis, na hakuwa amemwona hata siku moja. Alisikia tu. "Hata mbinguni mwanamke anabeba maji!" alikuwa akiniambia tukichambua mboga. "Mama Nyawira, na mwenye kuchora huo ujinga nampikia mimi. Nani huenda kuteka maji na viatu nyekundu?"

Hakumwona kwa sababu kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Hiyo ndiyo desturi yetu. Mwanamke anayekaa na mwanamume bila kufungishwa ndoa kanisani hakaribii madhabahu. Hashiriki Meza ya Bwana, hapambi maua mbele, hafagii huko hata kama kuna vumbi la kupanda mahindi. Kitonga alikuwa amepeleka mbuzi kwa kina Phylis zamani na mila ikaridhika, lakini kanisa halihesabu mbuzi. Phylis amelea watoto wanne kwenye benchi hilo, Kaloki akiwa wa kwanza. Kutoka pale, mbingu ya mume wake aliiona kama wingu la rangi juu ya vichwa na kofia za watu. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kutembea ule mstari wa katikati, afike mbele, apige magoti kama wanawake wenzake. Alikuwa akilisema hilo waziwazi, tena kwa uchungu, na sikuwahi kumsikia akitaka gari wala nyumba ya ghorofa.

Ndipo mwaka huu Pastor akatangaza harusi ya pamoja kwa wote waliokuwa wakikaa pamoja bila cheti. Phylis alijiandikisha kabla Pastor hajasema amina.

Wiki moja kabla ya harusi, Pastor huwa anatembelea kila nyumba ya maarusi kuwapa mashauri. Kwa Kitonga nilienda kusaidia kupika. Pastor akala kuku, akala chapati, akaomba kuku tena. Aliposhiba ndipo akainua macho ukutani. Majalada yalikuwa yametundikwa pale kutoka mlangoni mpaka dirishani: fuvu na miwani, mwanamke na nyoka wake bila kitenge, na ng'ombe wangu. Lile la mbingu halikuwapo, lilikuwa bado chini ya godoro.

"Kitonga," Pastor akasema, "hizi ni nini?"

"Ni kava za santuri, Pastor. Za roki."

Pastor akasimama, kidevu chake bado kinang'aa mafuta. Akasema huo muziki ukichezwa kinyumenyume unamwita shetani kwa jina. Nilitaka kumwambia kwamba hapa haujachezwa hata kimbelembele, ila mdomo ulikuwa umejaa. Akasema hawezi kufungisha ndoa ya mtu aliyelala na mapepo ukutani. Jumapili akalirudia kwenye kipaza sauti, mbele ya kanisa zima: Kitonga akileta majalada yote na kuyachoma, atamfungisha ndoa. Asipoyachoma, Phylis atabaki benchini.

Phylis hakumpigia Kitonga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwambia tu, nikiwa pale pale, "Baba Kaloki, hizo makaratasi umezitazama miaka yote. Mimi unanitazama saa ngapi?"

Kitonga akasema atazileta zote.

Jumamosi mchana tukakusanyika nyuma ya kanisa. Moto uliwashwa na Mzee Lesiamon, mzee wa kanisa ambaye familia yake ndiyo iliyotoa kiwanja, mtu wa maneno machache. "Sopa," akamsalimu Kitonga kwa Kimaasai. "Ipa," Kitonga akajibu, akaweka katoni chini kama mtu aliyeleta maiti. Phylis hakuja motoni. Alikaa ndani kwenye benchi lake akasubiri.

Pastor akaomba, akakemea, kisha akatoa jalada la kwanza akaliinua juu ili watu waone ubaya wake. Alikuwa mwanamke wa nyoka.

"Ngoja!" Makena akapiga yowe. "Huyo si ni msichana wa saluni yangu?"

Tukamtazama vizuri. Ndiye, ila amepoteza kitenge. Likatoka la pili, mwalimu mkuu akakohoa, farasi wake huyo. La tatu lilikuwa ng'ombe wangu na sikungoja sala, nililinyakua nikalikalia. Kwa muda mfupi ikawa mnada. Watu waliokuja kuchoma shetani walikuwa wanang'ang'ania nembo zao, na Pastor anapiga makofi kutaka utulivu.

Chini ya katoni kulibaki moja, limefungwa kwenye nailoni. Mzee Lesiamon akalifungua. Akalitazama, akaingia nalo kanisani, akakaa kidogo, akatoka.

"Pastor," akasema, "kuja uone. Hii ni mbinguni."

Kanisa zima likasogea kulitazama. Mlango, mto, milima ya zambarau, simba. Nyuma ya jalada kulikuwa na mwaka, na mwaka huo Pastor Mugo alikuwa hajazaliwa. Tukamtazama Pastor. Pastor akamtazama Kitonga, na Kitonga akatazama viatu vyake. Nilimwonea huruma huyo mtu. Akisema ukweli, Pastor ameaibika na harusi imekufa.

"Kitonga," Pastor akasema polepole, "nani aliona hii picha kwanza?"

"Pastor, wewe ndio ulisema uliiona Kimuka."

"Mmesikia!" Pastor akapata pumzi. "Wazungu wametuibia!"

Mtu akauliza mwaka je. Pastor akasema Mungu hana kalenda, na shetani ni mwepesi, aliyaona maono yakija akayapeleka Ulaya mapema. Utacheka, lakini pale watu waliitikia amina. Tukakumbushana kiondo, kile kikapu chetu cha kusuka, jinsi tunavyosikia siku zote kwamba wageni walikichukua wakakiandikisha kuwa chao. Kwanza kiondo, sasa mbingu! Hasira ikapanda. Mimi pia nilipandwa, sikatai, nikiwa nimemkalia ng'ombe wangu.

Hapo ndipo Wanyoike akajitokeza. Wanyoike ni dalali wa ploti, na kwake kila jambo chini ya jua ni kesi ya shamba. "Hapa kuna title mbili kwa ploti moja," akasema. "Hii tumezoea. Niko na wakili. Tunashtaki hao watu wa London, lakini lazima bikoni za mpaka ziingiane. Twende tupime."

Tukaingia wote. Tukampita Phylis kwenye benchi lake, tukaenda mbele, na Wanyoike akaliinua jalada kando ya ukuta. Mlango sawa. Mto sawa. Simba sawa, mpaka sharubu. Kisha kidole chake kikashuka chini upande wa kulia.

"Huyu ni nani?"

Kwenye jalada pale palikuwa na majani matupu.

"Huyu mama hayuko kwa ramani," Wanyoike akasema. "Ni skwota. Ameingia bila karatasi. Wakili wao akimwona, kesi imeenda."

"Nilisema zamani afutwe," Pastor akasema. "Kitonga, lete rangi. Kesho asubuhi kabla ya harusi nataka hapo pawe nyasi."

"Hapana," Kitonga akasema.

Tulidhani ni mtu mwingine amesema. Mimi nimeishi karibu na Kitonga tangu mtaa wetu ukiwa na swara wengi kuliko watu, na neno hilo sikuwa nimelisikia kwake.

"Umesema nini?"

"Huyo simfuti, Pastor."

"Kitonga, hii ni mali ya kanisa. Kesi yote iko hapo!"

Kitonga akanyoosha mkono, akalichukua lile jalada kutoka kwa Wanyoike kwa upole kabisa, kama mtu anayepokea mtoto. Akatembea mstari wa katikati kwenda mlangoni, akampita Phylis bila kumtazama, akatoka nje, akalitia motoni. Karatasi ya zamani haina subira. Mlango wa mbinguni ukakunjika, mto ukawa mweusi, simba akaondoka wa mwisho. Wanyoike alikimbia na fimbo akakuta majivu. Na Kitonga alisimama pale akalia machozi, mtu mzima, mbele yetu, kwa sababu lile jalada alilipenda, nami nilishindwa kucheka.

"Ushahidi umeungua!" Pastor akafoka. "Hakuna harusi! Umesikia, Kitonga? Hakuna!"

Ndipo Phylis akaja mlangoni.

"Pastor, ulisema nini kwa maiki Jumapili? Ulisema Baba Kaloki akichoma, unatufungisha. Hiyo aliyokuwa anailalia ndio amechoma. Ama kuna moto mwingine?"

"Amechoma," Mzee Lesiamon akasema. "Nimeona na macho yangu."

Nilimwona Pastor akifikiri. Alitazama majivu kwa muda, na uso wake ukaanza kulegea taratibu. Jalada halipo tena. Mbingu imebaki na mwenyewe mmoja, naye ni yeye. Akapangusa jasho akasema Bwana ni mwaminifu, tukutane kesho mapema, na kina mama wa jikoni wasichelewe. Majalada mengine hakuyauliza, maana kila moja lilikuwa limeshaingia chini ya nguo ya mtu. Langu liko ndani ya bucha, kwenye fremu ya kioo. Mteja akiuliza namwambia wazungu walimwiba ng'ombe wangu.

Usiku huo Phylis alinipigia simu akiwa hana furaha anayopaswa kuwa nayo. "Amekataa kufuta kamama ka mtungi," akasema, "lakini ile picha anaipenda ameichoma. Huyu mtu ako sawa?" Nilimwambia alale, kesho ni harusi, wanaume ni kazi ya Mungu mwenyewe.

Jumapili maarusi wakapanga mstari, Kitonga na Phylis wakiwa wa mwisho kwa sababu Kitonga alichelewa. Phylis alitembea katikati ya kanisa polepole mno, akaufanya mwendo huo kuwa mrefu makusudi, nami namwelewa. Akafika mbele. Akapiga magoti upande wa kulia, na ukuta ukawa mbele ya uso wake.

"Phylis," Pastor akasema, "unamkubali huyu Kitonga awe mume wako?"

Pastor akauliza tena. Phylis alikuwa hamtazami Pastor. Alikuwa ameinama mbele anatazama chini ya mbingu, na mimi nikiwa karibu nikafuata macho yake. Nimepita pale miaka yote na kikapu cha sadaka, sikuwa nimetazama. Mama mdogo amevaa sweta ya shule ya rangi ya maruni, kiwiko cha kushoto kimetoboka. Mtungi wake hauna kifuniko, umezibwa na karatasi ya nailoni ya buluu. Na kichwa chake kimelala kidogo upande mmoja, vile Phylis anavyokilaza akibeba mzigo mpaka leo.

Nilisema mwanzoni kwamba Kitonga hajawahi kubuni picha. Basi, neno hilo nalirudisha.

"Baba Kaloki," Phylis akasema. Alinong'ona, lakini kipaza sauti cha Pastor kilikuwa hapo hapo na kanisa lote likasikia. "Hiyo ni sweta yangu ya kule shamba la maua."

"Ndiyo."

"Huyo ni mimi."

"Ndiyo."

Phylis akatazama tena, akapangusa macho na kiganja cha glavu nyeupe aliyoazimwa. "Lakini hizo viatu. Hizo siku sikuwa na viatu. Nilikuwa nateka maji miguu tupu."

"Najua," Kitonga akasema. "Ndio nikakuchorea."